Vijiti Vitatu vya Mstari wa Pembeni

Wakesho,

Nisamehe kwa kukawia. Swali uliniuliza ukiwa darasa la sita, na leo una miaka kumi na minane na sanduku lako liko mlangoni. Uliniuliza kwa nini rafiki yako Mghoi amepelekwa Mahoo kwa shangazi yake, na kwa nini mimi na mama yake hatuamkuani tena. Nikakujibu, "Hayo ni ya wakubwa." Ulilia wiki nzima, ukakataa kula, nikakuchapa. Kukuchapa kwa sababu ya kuuliza! Kila mwaka nimesema nitakuandikia, na kila mwaka nimepata la kufanya. Kuna kuni, kuna maji, kuna kanisa. Mtu akitaka kukwepa jambo hakosi kazi.

Sasa umeenda Bura kumuaga nyanya yako, na ukirudi nyumba itajaa watu wa kukushika mkono. Kwa hivyo naandika saa hizi, saa nane mchana, kwa kurasa za daftari lako la kemia ulilosema niwashie moto. Nitampa dereva wa gari ya Bura akukabidhi kabla hujafika nyumbani. Kwa simu sitaki. Ukisoma kwa simu utasoma ukitembea.

Sitakuambia ufunge mlango wala ule vizuri. Nimeyasema mpaka nikachoka kujisikia, na wewe ukanijibu "Mami, najua" kwa ile sauti yako. Basi unajua. Mimi nataka tuongee juu ya jana.

Jana watu walikuja kukuombea. Walikula, mchungaji akamaliza, ukaambiwa useme neno la shukrani. Neno la shukrani, Wakesho! Watu husema asante wakakaa. Wewe ukaanza kufundisha. Ukasema unaenda kusomea jinsi ya kutengeneza mimea isiyoshikwa na virusi. Hapo sawa, tulipiga makofi, hata mimi nilipiga mpaka viganja vikauma. Kisha ukaendelea. "Kuna watu hapa kwetu walifukuza shamba la majaribio ati muhogo wa GMO umewaozea. Huo muhogo haungeoza. Ni ujinga tu, na kusikiliza mambo ya WhatsApp." Na ukacheka.

Mama Mghoi alikuwa amekaa karibu na mlango, sahani mapajani. Alikuja bila kualikwa na mimi, alikuja kwa sababu yako, kwa sababu ulikuwa ukilala kwake na Mghoi kitanda kimoja. Aliiweka sahani chini, akajifunga leso, akatoka. Wewe hakukuangalia. Aliniangalia mimi. Na mimi nikaendelea kugawa soda.

Umeniudhi, sitakuficha. Lakini nimejiudhi zaidi, kwa sababu ujinga uliousema ni wangu.

Unakumbuka lile shamba lenye ua wa waya kule chini, ukishuka kutoka barabara kuu? Ulikuwa darasa la nne. Nilipata kibarua pale. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, shule nimeiachia kidato cha pili nusu kwa ajili yako, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza ambayo mtu aliniita kwa jina langu, Mkawasi, wala si "wewe mama". Kazi yenyewe ilikuwa kupalilia, kuchuma maua ya mihogo kabla hayajafunguka ili mbelewele, ule unga wa maua, zisitoke nje, na kuandika kwa kitabu kila kijiti kinachokatwa. Hakuna kitu cha shamba lile kilichoruhusiwa kuvuka geti. Kila kilichong'olewa kilienda shimoni, kikachomwa, kikafukiwa.

Siku ya kwanza yule mama wa maabara, ambaye sote tulimwita Daktari, alitukalisha chini akatueleza. Nilimwelewa. Alisema virusi ni kama barua fupi ya amri. Ikiingia kwenye muhogo, muhogo unaitii, unaacha kujitengenezea chakula na kuanza kutengeneza virusi. "Sisi tumechukua sentensi moja ya hiyo barua," akasema, "tukaiweka ndani ya muhogo mapema. Barua yenyewe ikija, mmea unaitambua, unaikatakata kabla haijasomwa."

Mlinzi wa geti akasema, "Kama mke wangu. Akiona tu mwandiko wa mama yangu juu ya bahasha, anachana."

Tulicheka. Mwingine akauliza kama hiyo sentensi haitatuletea ugonjwa sisi walaji. Daktari akasema, "Sentensi moja haitoshi kuwa barua." Mpaka hapo nilikuwa naye kabisa.

Baada ya chai akachora mistari ubaoni. Mstari huu wa hivi, mstari ule wa vile, wa katikati, wa pembeni, na maneno ya Kizungu juu ya kila mmoja. Hapo nilimpoteza. Kando yangu kulikuwa na vijana wenye diploma wanaandika mbiombio, na mimi nikaandika pia, nikijifanya. Niliandika jina lako mara tano. Daktari akauliza, "Kuna swali?" Nikatikisa kichwa kama wenzangu. Laiti ningeinua mkono ule, Wakesho, Mghoi angekuwa hapa leo anakusaidia kufunga sanduku.

Unakumbuka pia muhogo wetu wa nyumbani ulivyokuwa. Nje mzuri, ukikata ndani una kutu, kahawia kahawia kama mbao iliyoliwa na wadudu, na mchungu. Tulikuwa tunachonga palipooza, tunabaki na kipande cha kidole. Nilikuwa nikitoka kwenye huo, naenda kazini, naona muhogo mweupe kama maziwa, umejaa, ukitupwa shimoni na kumwagiwa mafuta ya taa. Na wewe ulale njaa karibu nao. Nilikuwa nikirudi nyumbani na hasira mpaka nashindwa kuongea na wewe. Walisema sheria. Walisema haujaruhusiwa kuliwa bado. Nikasema moyoni, waliotunga hiyo sheria wamekula nini leo?

Halafu ndovu wakaja. Kilikuwa kiangazi kikali, wawili wakatoka huko mbugani wakitafuta chochote kibichi, wakaulalia ua kona ya chini. Asubuhi tulikuta mihogo ya pembeni imelala, mashina yamevunjika ovyo. Nikaambiwa nikusanye, nihesabu, niandike, nipeleke shimoni. Nilihesabu arobaini na nne. Nikaandika arobaini na moja.

Vile vitatu nilivichagua. Nilijiona mjanja kweli. Nilitafuta mashina yenye majani mabichi bila doa. Majani ya chini yalikuwa yamepukutika yote kwa kiangazi, na ule ugonjwa huonekana kwanza kwa majani ya chini, lakini hilo nilikuja kujua baadaye. Nikavikata urefu wa mkono, nikavichomeka katikati ya mzigo wa kuni. Kuni za vichakani tuliruhusiwa kutoka nazo.

Mlinzi akaniuliza getini, "Mama Wakesho, leo unapika nini na mzigo huo?"

"Maharagwe."

"Ukipika na nyama uniite."

Nikatoka. Nilikuwa na furaha kama mtu aliyeiba mtoto wake mwenyewe kutoka kwa watu waliomkalia.

Nilivikata vipande vifupi, nikavipanda nyuma ya choo. Vikashika, vikapanda juu kunipita. Na mvua ilipokaribia, ukiwa darasa la tano, Mama Mghoi akapita akaviona. Wewe umekulia hapa, unajua mambo yetu. Mbegu ya muhogo haiuzwi na haikataliwi. Mtu akisema "nikatie", unashika panga. Lakini mimi sikungoja hata aseme. Nilijivuna. Nikamwambia, "Hii ni ile ya ndani ya ua, ile isiyoshikwa. Usimwambie mtu."

Akacheka. "Mimi? Nikiulizwa nitasema nimeota."

Nilimpa karibu yote. Nyanya yako nikampelekea vijiti vinne vilivyofungwa kwa kamba ya mkonge kama zawadi ya harusi. Sikuwa nimeng'oa hata shina moja kuangalia chini kuna nini. Hata moja! Mtu mzima, mkulima, binti wa wakulima, nikagawa kitu nilichokitazama majani tu.

Na Mama Mghoi akaniamini hivi: akang'oa muhogo wake wote wa zamani, ule aliopewa na mama mkwe wake, ambao nusu ulikuwa mgonjwa lakini nusu ulikuwa ukimlisha. Ndio alikuwa akikaanga na kuuzia madereva wa malori pale barabarani na pilipili na ndimu. Aliung'oa asafishe shamba, ili hii mbegu ya Mkawasi isipate ugonjwa kutoka kwa ile ya zamani. Aliupanda upande wote wa chini.

Ulipofika wakati wa kung'oa, ulikuwa umeoza wote. Alinipigia simu, sikuelewa anachosema, nikakimbia. Nilimkuta amekaa katikati ya shamba na panga, anakata mmoja baada ya mwingine, anatupa. Wangu wa nyuma ya choo ulikuwa vivyo hivyo. Mwaka huo mvua ilikuwa imekataa na hakuwa na kingine ardhini. Mghoi akapelekwa Mahoo, kwa mashamba ya ndizi ya shangazi yake, akale. Hayo ndiyo "ya wakubwa".

Watu wakaanza kusema muhogo wa maabara umeoza, umeharibu na udongo. Chifu akaitisha baraza. Daktari akaja na karatasi zake. Mama Mghoi akasimama akasema, "Muhogo wa ndani ya ua niliupanda, na uliniozea. Njooni muone."

Daktari akamjibu kwa upole kabisa, "Mama, haiwezekani. Kila kijiti kilichokatwa kwetu kimeandikwa kwenye kitabu." Na akakiinua kitabu. Mwandiko wangu.

Chifu akauliza, "Sasa wewe ulipewa na nani?"

Nilikuwa nimekaa safu ya tatu. Mama Mghoi akasema, "Basi nimeota."

Watu walimcheka, Wakesho. Walicheka mpaka chifu akapiga meza. Yeye akakaa chini, akatazama mikono yake.

Baada ya baraza nikamsaidia Daktari kubeba vitu mpaka kwenye gari, na ndipo nikauliza. Mwaka mmoja na nusu nimechelewa. Nikasema, tuseme tu, tuseme kijiti cha pembeni kimetoka, kingeoza?

"Wa pembeni? Huo ndio mbaya kuliko yote," akasema. "Si niliwafundisha siku ya kwanza? Ule tulipanda mgonjwa makusudi. Ukitaka kujua kama mwavuli unavuja, lazima kuwe na mvua. Mstari wa pembeni ndio mvua yetu. Wale inzi weupe wadogo wanautoa ugonjwa pale, wanaupeleka ndani, tunaona nani atasimama." Kisha akaniangalia. "Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu," nikasema.

Akaingia kwenye gari. Msimu ule wakang'oa, wakafukia, wakaenda, hawakurudi. Na mimi niliuona muhogo wao wa ndani kwa macho yangu siku ya kung'oa. Ulikuwa mweupe. Ulisimama. Kwa hivyo ulichosema jana juu ya muhogo ni kweli. Ulichosema juu ya watu si kweli. Mama Mghoi si mjinga. Alipewa ugonjwa na rafiki yake, akaambiwa ni dawa, akauona umeoza kwa macho yake, akasema alichokiona. Wewe ungesema nini?

Nimemkasirikia Daktari miaka hii yote kwa kutumia maneno makubwa, nikawakasirikia wakubwa wanaopelekana mahakamani juu ya mbegu hizi huku sisi tunachonga kutu. Nimemkasirikia mpaka Mama Mghoi, kwa kunifichia siri. Unajua inavyochosha kufichiwa siri na mtu uliyemharibia? Kila Jumapili yuko mbele yangu kanisani, hasemi. Angenitukana ningepona. Watu hudhani wewe ni mdogo wangu, mimi na wewe hatujapishana sana, lakini mgongo wangu huu ni wa kikongwe. Sio jembe lililoukunja.

Leo asubuhi, ulipopanda gari ya Bura, nilienda kwake. Nilimkuta akimenya muhogo wa kununua.

"Mtoto wako amesahau tusi lingine," akasema, "ama leo umekuja wewe?"

Nikamwambia yote nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kiti. Ndovu, vijiti vitatu, kuni, kitabu, gari la Daktari. Aliendelea kumenya. Nilipomaliza akasema, "Rudia hapo pa mstari." Nikarudia.

"Kwa hivyo ulinipa mvua."

"Nilikupa mvua."

"Na ulijua tangu siku ya baraza."

"Tangu siku ya baraza."

Akatupa ganda. "Miaka sita naambia watu wasiguse chochote kilichopita maabara. Juzi juzi nimeletewa mbegu ya mahindi ya bure, nikairudisha, nikisema imetoka kwa wale wale. Kumbe wale wale ni Mama Wakesho na kuni zake!" Akacheka, lakini si kicheko cha kukufanya ukae.

Nikamwambia pole. Nilipiga hata goti, na sakafu yake ni ya mawe.

"Inuka. Pole nitaipanda wapi? Niletee mbegu." Nilipofika mlangoni akaniita tena. "Na huyo profesa wako. Kabla hajaenda kutengeneza mihogo ya watu, aje aniulize wangu ulioza vipi. Tangu siku ile hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Wote waliniambia."

Nimerudi na hilo neno, nimelizungusha mpaka chai imepoa, na ndilo peke yake nimeona linafaa kuingia kwenye sanduku lako. Huko unakoenda watakuonyesha namna ya kuikata hiyo sentensi ya virusi na kuibandika. Jifunze vizuri. Jifunze mpaka uwapite. Nimekiona kitu hicho kinavyofanya kazi na sitaki mtu akudanganye kwamba hakifanyi. Lakini siku moja utasimama mbele ya ubao na kuchora mistari, na kutakuwa na mwanamke safu ya nyuma anaandika jina la mtoto wake daftarini. Atatikisa kichwa ukiuliza kama kuna swali. Usimwamini. Shuka ukakae kando yake umuulize yeye mstari wa pembeni ni upi. Ungekuwa wewe Daktari siku ile, mimi nisingekuwa mwizi, ama ningekuwa mwizi wa mstari mwingine, na hilo nimelifikiria pia. Kama ningechukua wa katikati ungesimama, tungekula, na ningejiona shujaa mpaka leo. Sijui kama hiyo ingekuwa afadhali. Nimechoka kufikiria.

Nyanya yako atakuwa amekuambia leo usiende. Vile vijiti vinne vilimwozea pia, na ndiyo maana kila ukitaja chuo yeye anataja kuoza. Usimjibu kwa ukali. Kesho nikitoka kukupeleka kwenye treni nitaenda Bura kumwambia mwenyewe. Wewe usimwambie, hii ni yangu.

Kuna vitu nahitaji kutoka kwako. Si nguo wala simu mpya, usinidanganye na hivyo. Nimeandika ili usisahau:

Mbegu ya muhogo iliyopimwa ikaonekana haina ugonjwa, kutoka mahali panaporuhusiwa kuitoa. Vijiti mia mbili, vya Mama Mghoi, upande wote wa chini. Si lazima viwe vya jeni. Siku ile ya jeni ikiruhusiwa tutaongea, na tutaichukua mlangoni mchana watu wakiona.

Vijiti hamsini vya nyanya yako.

Kwangu kumi tu, na nitapanda wa mwisho.

Karatasi ya kuonyesha vimepimwa wapi na nani. Usinitumie hata kimoja bila karatasi. Usikifiche ndani ya nguo ati basi halikaguliwi. Nakujua, umetoka kwangu.

Ukurasa mmoja kwa mwandiko wako, Kiswahili kitupu, herufi kubwa, unaoeleza kwa nini watu wa utafiti hupanda mstari mgonjwa. Mama Mghoi atausoma mbele ya wale wale waliomcheka, na mimi nitasimama kando yake kusema vijiti vilitoka kwa nani.

Wewe mwenyewe, leo jioni ukishuka kutoka Bura, kabla hujaingia humu ndani. Pita kwake. Usijieleze. Muulize wake ulioza vipi, kisha nyamaza mpaka amalize, hata kama wageni wanakungoja huku kwangu.

Na nambari ya simu ya Mghoi. Najua unayo. Najua mnaongea tangu upate simu, na kwamba unamwita dada ukidhani nimelala. Iandike nyuma ya karatasi hii uiache mezani.

Mama yako,
Mkawasi